Karakana ya Ufinyanzi Nyumbani: Tuanze na Udongo, Mashine Baadaye

(Mada iliyotolewa na Idara ya Miradi kwa wawakilishi wa vikundi vya uzalishaji mali, Singida)



Katika maombi ya miradi yanayofika ofisini kwetu, ufinyanzi umeanza kutajwa tena, nasi tunafurahi. Lakini tukisoma bajeti zinazoambatana na maombi hayo, mstari wa kwanza karibu kila mara ni gurudumu la kufinyangia, wa pili ni tanuri la umeme, na wa tatu ni jengo. Udongo haumo. Mahali pa kukaushia hapamo. Wala hatuoni jina la bibi yeyote wa kijijini anayejua udongo mzuri unachimbwa wapi.

Leo tunapenda tuseme jambo moja. Karakana ya ufinyanzi inaweza kuanza uani kwako, kwa fedha kidogo sana, ikiwa utautawala udongo, upepo na moto kabla ya kununua kitu chochote. Asiyevitawala hivyo vitatu hataokolewa na mashine.

Kazi hii ni yetu

Sehemu kubwa ya Tanzania, kufinyanga ni kazi ambayo akina mama wamerithishana kwa mikono. Akina mama wa Usangi, katika milima ya Upare, wanajulikana kwa vyungu vyao. Kule Ziwa Nyasa, Wakisi wa Ikombe hufinyanga majumbani mwao, na vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo pale Matema, kisha hupakiwa kwenda Mbeya na mbali zaidi. Hawakungoja kiwanda.

Wapo wanaodhani kwamba kufinyanga bila gurudumu ni ushamba. Tuwakumbushe habari za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda kusoma Uingereza, na katika miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa akina mama wa huko kujenga chungu kwa kupandisha udongo kidogo kidogo kwa mkono. Hadi leo vyombo vyake vinajengwa kwa mkono na kung'arishwa kwa kusuguliwa, na vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, likiwamo British Museum la London. Mkono ule ule alio nao mama wa Iramba au Manyoni ndio uliomfikisha huko.

Kinachotutia wasiwasi ni muda. Ndoo ya plastiki na sufuria ya alumini zimechukua nafasi ya mtungi na chungu, na mabinti wengi hawajifunzi tena. Bibi anayejua udongo wa bonde fulani hupasuka na ule wa kichuguu fulani hustahimili moto, akifa, amekwenda na maarifa ambayo hayajaandikwa popote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mradi wowote wa ufinyanzi haihitaji fedha: nendeni mkakae na bibi huyo, na binti mmoja achukue daftari.

Kuupima udongo

Udongo mweusi wa mbuga hunata vizuri mkononi na huwadanganya wengi. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka, kama mnavyoona nyufa za mbugani wakati wa kiangazi. Udongo wa kingo za mito na wa vichuguu mara nyingi ni bora zaidi, lakini msiamini macho. Pimeni hivi:

Kwanza, fanyeni kamba ya udongo unene wa kidole na kuizungusha kwenye kidole. Ikikatika, udongo una mchanga mno. Ikizunguka bila kuonyesha nyufa, unafinyangika.

Pili, tengenezeni kipande bapa kama rula na kukichora mstari wa sentimita 10. Kikaushwe kivulini hadi kikauke kabisa, kisha mpime mstari ule upya. Ukisomeka sentimita 9.3, udongo umenywea kwa asilimia 7, nao unafaa. Ukisomeka chini ya 9, udongo umenona mno. Changanyeni bakuli moja la mchanga safi uliochekechwa, au la vigae vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa, kwa kila mabakuli manne ya udongo, kisha mpime tena. Vigae ni bora kuliko mchanga kwa vyungu vya kupikia. Waliosema mfinyanzi hulia gaeni walimsikitikia fundi anayekula katika kigae, lakini kigae hicho hicho ni mali ya karakana, msikitupe.

Tatu, dondosheni siki juu ya udongo mkavu uliosagwa. Ukitoa povu, una chokaa. Punje za chokaa zikichomwa na baadaye kupata unyevu hutanuka na kubandua vipande vya chombo, pengine siku kadhaa baada ya mteja kukifikisha nyumbani. Mteja huyo harudi.

Nne, angalieni chumvi. Wote tunazijua Singidani na Kindai, maziwa yetu ya chumvi hapa mjini. Udongo na mchanga wa mahali pa namna hiyo huacha unga mweupe juu ya chombo kikikauka. Tafuteni kwingine.

Mkishaupata udongo unaofaa, ongeeni na serikali ya kijiji kabla ya kuchimba. Bonde ni la watu wote, na maelewano ya maandishi ni bora kuliko ugomvi wa baadaye. Chimbeni kwa ngazi kutoka juu. Mtu asiingie chini ya ukingo kufuata udongo mzuri kama panya, kwa kuwa ukingo huporomoka bila taarifa. Mkimaliza, shimo lifukiwe ili mtoto au ndama asije akatumbukia.

Mahali pa karakana

Nyumbani panatakiwa vitu vinne tu: paa, kinga ya upepo, maji, na mlango unaofungwa. Banda la miti lenye upana wa hatua nne kwa tatu linatosha kuanzia. Ukuta wa upande unaotoka upepo uwe mzima, na upande wa pili uachwe wazi kwa mwanga. Sakafu ya udongo uliopigwa vizuri inafaa, ya saruji ni nafuu zaidi kwa usafi.

Udongo ukitoka shambani uanikwe ukauke kabisa, upondwe, ndipo utiwe majini. Udongo mkavu hulainika haraka. Ule uliolowa nusu hubaki na mabonge. Uchujwe, uachwe utuame, maji yamwagwe, kisha uhifadhiwe umefunikwa kwa wiki kadhaa. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kulainika. Kwa hiyo karakana inahitaji mapipa mawili, moja la udongo unaolowekwa na jingine la udongo ulio tayari.

Vifaa vya mkono mnavyo: kibuyu kilichopasuka cha kulainishia, gunzi la mahindi, kisu, waya mwembamba, kokoto laini ya mtoni ya kung'arishia, na sahani kuukuu ya kuzungushia chungu kikiwa kinajengwa. Gurudumu linunuliwe mwaka wa pili, kama soko lenyewe litalidai.

Upepo wa Singida

Mkoa wetu unasifika kwa upepo kiasi cha wataalamu kupanga kuzalisha umeme kwa upepo huo. Kwa mfinyanzi, upepo huo ni adui. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu, na chungu kilichowekwa nje hukauka mdomo na ubavu mmoja huku kitako kikiwa bado kibichi. Sehemu iliyokauka imekwisha kunywea, isiyokauka bado. Hapo ufa lazima utokee.

Dawa yake ni uvumilivu. Unene wa ukuta wa chungu uwe sawa kote, usizidi sentimita moja kwa chombo cha kawaida. Siku za kwanza chombo kifunikwe kwa gunia lililoloweshwa kidogo au kitenge kikuukuu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na magunia hufanya kazi hiyo vizuri. Mdomo ukishakaza, pindueni chombo ili kitako nacho kipate hewa. Hesabuni wiki mbili kabla ya kuchoma, tatu kwa mitungi mikubwa. Masikio na mapambo yabandikwe chombo kingali kibichi. Hapo ndipo tunauelewa usemi kwamba udongo uwahi ungali maji.

Kalenda nayo izingatiwe. Desemba hadi Aprili akina mama wako shambani, kuni zimelowa na mabonde yamejaa maji. Ufinyanzi ni kazi ya baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mradi unaotaka vyungu kila mwezi wa mwaka utagombana na jembe, na jembe litashinda.

Moto

Chungu kinapolipuka motoni, watu husema kimerogwa au mtu mwenye mkosi amepita. Sababu ni maji. Hata chombo kinachoonekana kikavu kina maji ndani ya ukuta wake. Moto ukipita nyuzi 100 upesi, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Kisha, kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, hutoka maji mengine yaliyofungamana na udongo wenyewe. Baada ya hapo udongo haurudi tena kuwa tope.

Kwa hiyo saa tatu au nne za mwanzo moto uwe mdogo sana. Shikeni kipande cha kioo kilichopoa juu ya tanuri kwa koleo. Kikitoka jasho, maji bado yanatoka, msiongeze kuni. Kioo kikibaki kikavu, ongezeni moto hadi vyombo viwe vyekundu kama kaa. Moto wa wazi kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na kwa vyungu vyetu unatosha. Baadaye acheni vipoe usiku kucha. Anayefungua mapema ili aone kazi yake huiona ikipasuka.

Moto wa wazi hula kuni nyingi, na katika mkoa wenye ukame kama wetu hatuwezi kuleta mradi unaomaliza miti. Jengeni tanuri dogo la duara kwa matofali na tope, upana wa mita moja kwa ndani, kimo mita moja na robo, na sakafu yenye matundu juu ya chumba cha moto. Mdomo wa moto usielekee upande unaotoka upepo, na tanuri likae mbali na mapaa ya nyasi. Moto ukizungushiwa ukuta haupotei ovyo, na upepo haugusi vyombo. Nishati nyingine tunayo: alizeti. Mabua yake hubaki shambani na maganda hubaki mashineni. Mashudu waachieni mifugo, lakini maganda na mabua yaingie tanurini pamoja na kuni chache.

Afya ya nyumba

Kwa kuwa karakana iko nyumbani, watoto wako karibu. Vumbi la udongo mkavu lina chembe ndogo mno za mawe ambazo, mtu akizivuta kwa miaka, huharibu mapafu na haziponyeki. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu. Inyunyiziwe maji au ifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Udongo mkavu upondwe nje, mwenye kuponda akae upande unaotoka upepo, afunge kitambaa usoni. Karakana isiwe chumba cha kulala wala jiko.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wako wanaotaka vyombo vyao ving'ae kama kioo, na mahali pengi duniani watu wameyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari kwa kazi hiyo. Msithubutu. Risasi huingia katika chakula, hasa chenye ukali kama nyanya au ndimu, na huharibu akili za watoto bila dalili ya haraka. Chombo cha chakula king'arishwe kwa kokoto kabla ya kuchomwa. Kinapendeza, na hakimdhuru mtu.

Tuuze nini?

Kushindana na ndoo ya plastiki kwa kuchota maji ni kazi bure. Tutafute mahali ambapo udongo unashinda.

Mtungi hupoza maji kwa sababu unyevu hupenya ukutani na kukauka kwa nje, na hewa kavu ya Singida huongeza ubaridi huo. Lakini semeni ukweli kwa wateja: mtungi hupoza maji, hausafishi. Chujio la udongo lipo, nalo lina vipimo vyake na majaribio yake. Wala msimwahidi mtu kwamba mtungi utaondoa floridi, ambayo ipo katika baadhi ya visima vya mkoa wetu.

Kuku wa kienyeji wa Singida wanajulikana hadi Dar es Salaam. Vifaranga wanahitaji chombo cha kunywea wasichoweza kukipindua wala kuzama ndani yake, na chombo kizito cha udongo kinafaa. Nchini Bangladesh akina mama wafugaji hutumia kiota cha udongo kiitwacho hazol, chenye vikombe viwili pembeni, kimoja cha maji na kingine cha chakula, ili kuku anayeatamia asiyaache mayai kwa muda mrefu. Hatuoni sababu ya kiota hicho kutojaribiwa hapa, kwa kuwa wateja wake ni majirani zetu.

Kuhusu majiko, yale ya mkaa yenye sehemu ya ndani ya udongo uliochomwa yalianza kuenea Kenya katika miaka ya 1980 na baadaye kwetu kwa jina la Jiko Bora. Hutumia mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Hata hivyo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Majiko ya mkaa yanaweza kuuzika leo, lakini karakana isijengwe juu ya bidhaa hiyo peke yake.

Hesabu

Tuchukue mfano. Mama amechoma vyombo 30, sita vimepasuka, vimebaki 24. Usafiri wa udongo ni shilingi 6,000, kuni na makapi 8,000, kupeleka gulioni 10,000. Jumla 24,000. Amefanya kazi siku sita, na tuseme kibarua cha siku kijijini ni shilingi 6,000. Hiyo ni 36,000. Gharama yote ni 60,000, yaani shilingi 2,500 kwa kila chombo kizima. Akiuza 2,000 kwa sababu jirani anauza hivyo, anabaki na 24,000 baada ya kutoa gharama za fedha taslimu. Amejilipa 4,000 kwa siku, chini ya kibarua, na hajui.

Vyombo vyote 30 vingetoka vizima, gharama ingekuwa 2,000 kamili kwa kila kimoja. Maana yake, fedha ya kwanza ya kutafuta imo katika vile sita vilivyopasuka. Ndiyo sababu tumesema udongo, upepo na moto vitangulie. Kila kundi la vyombo liandikwe: udongo wa wapi, siku ngapi za kukausha, vingapi viliingia, vingapi vilitoka.

Tena tunashauri msikope kabla ya kuchoma mara tatu na kuuza mara tatu. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini hurejeshwa. Daftari la kuchoma mara tatu litawaonyesha kama mnahitaji mkopo, na wa kiasi gani.

Neno kwa akina baba

Swali tunaloulizwa faraghani na akina mama ni la namna moja: fedha ya vyungu itakuwa ya nani? Tulijibu hadharani, maana linaua miradi mingi kuliko upepo. Mama akichimba, akafinyanga na kuchoma, kisha fedha ikapokelewa na mwingine gulioni, msimu unaofuata hatafinyanga, na hatasema sababu. Elewaneni kabla ya kujenga banda: sehemu ipi ni ya nyumba, ipi ya karakana, na ipi ya mama mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Panapowezekana, eneo la karakana liandikwe kwa majina ya wote wawili.

Nabii Yeremia, katika sura ya 18, alitumwa kwenye nyumba ya mfinyanzi. Huko aliona chombo kikiharibika mkononi mwa fundi, na fundi akakifinyanga upya kwa udongo ule ule. Tunawaomba mrudi vijijini na jambo dogo la kufanya kabla hatujakutana tena: kila kikundi kilete kipande kimoja cha udongo kilichochorwa mstari wa sentimita 10, kikiwa kimekauka, na jina la bonde ulikotoka. Tutavipanga mezani, tuvipime pamoja, ndipo tuzungumze bajeti.